Vygotsky: Mwalimu Aliyelishuku Jibu Sahihi

Ukikutana na mwanafunzi wa elimu aliyemaliza mwaka wa kwanza bila kulisikia jina la Vygotsky, ujue huyo alikuwa haingii darasani. Jamaa yumo kwenye saikolojia ya elimu, yumo kwenye mbinu za kufundishia, yumo kwenye malezi ya awali, na wiki ya mitihani ikikaribia yumo kwenye kila desa linalozunguka hosteli. Tunamjua kwa mambo mawili tu: kwamba alikuwa Mrusi, na kwamba ndiye mwenye ule ukanda wa maendeleo ya karibu. Tukishaandika hayo tunapiga mstari, tunahamia kwa Piaget.

Leo nataka tukae naye kidogo zaidi, na si kwa ajili ya mtihani. Mtu huyu alitumia miaka yake kumi ya mwisho, huku kifua kikuu kikimmaliza, kutafuta jibu la swali ambalo kila mtu anadhani analijua: mtoto mdogo anapojifunza neno, anajifunza nini hasa? Jibu alilolipata linamgusa yeyote atakayesimama mbele ya watoto. Na likiangaliwa vizuri, linatugusa hata sisi tunaomkariri.

Lev Semyonovich Vygotsky alizaliwa Novemba 1896 huko Orsha, mji mdogo ambao leo uko Belarus lakini zamani hizo ulikuwa ndani ya himaya ya Urusi. Familia ilihamia Gomel akiwa bado mchanga, na huko ndiko alikokulia. Walikuwa Wayahudi. Baba alifanya kazi benki, mama alisomea ualimu lakini maisha yake yakaishia katika kulea watoto wanane, Lev akiwa wa pili. Nyumba ilijaa vitabu na mazungumzo. Kwa miaka kadhaa alifundishwa nyumbani na mwalimu wa kukodiwa, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kumwacha mwanafunzi azungumze mpaka amalize, kisha amuulize maswali hadi mwanafunzi mwenyewe aone penye upungufu. Baadaye akaingia sekondari, na mwaka 1913 akamaliza na medali ya dhahabu.

Sasa hapa ndipo hadithi inapoanza kufanana na habari zetu za kuchaguliwa vyuo. Chuo Kikuu cha Moscow kilikuwa na kikomo kwa Wayahudi: asilimia 3 tu ya nafasi. Mwenye medali ya dhahabu alikuwa na uhakika wa kuingia ndani ya hiyo asilimia 3, lakini mwaka huohuo serikali ikabadilisha utaratibu. Nafasi za Wayahudi zikawa zinapigiwa kura ya bahati nasibu, ili ubora wa mtu usisaidie kitu. Kijana alikata tamaa kiasi cha kumwekea rafiki yake dau la kitabu kwamba hatapata. Akapata. Dau akalilipa.

Wazazi walitaka asome udaktari, kwa kuwa daktari Myahudi aliruhusiwa kuishi nje ya majimbo waliyotengewa watu wake. Akajiandikisha udaktari, na muda si mrefu akahamia sheria. Moyo wake ulikuwa kwenye fasihi na falsafa, kwa hiyo wakati huohuo akawa anasoma chuo kingine, cha Shaniavsky, kilichowapokea wanafunzi bila ubaguzi ingawa shahada yake haikutambuliwa na serikali. Yaani mchana sheria, jioni falsafa. Tasnifu yake aliiandika juu ya Hamlet wa Shakespeare. Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani alianzia maabara. Hapana. Alianzia kwenye maneno: kwa nini maneno yaleyale, yakipangwa na mshairi, yanamfanyia msomaji kitu ambacho kamusi haiwezi?

Alihitimu mwaka 1917, mwaka wa mapinduzi. Akarudi Gomel akawa mwalimu. Alifundisha fasihi, akafundisha saikolojia katika chuo cha ualimu, akaanzisha hapo kimaabara kidogo, jioni akaandika habari za tamthilia. Miaka hiyo ilikuwa ya vita, njaa na maradhi. Mdogo wake aliugua kifua kikuu, Lev akamuuguza, mdogo mtu akafa. Muda mfupi baadaye yeye mwenyewe akagundulika anao. Tukumbuke kwamba dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vya kifua kikuu, streptomisini, iligunduliwa mwaka 1943. Mwaka 1920 ugonjwa huo ulikuwa hukumu ambayo tarehe yake tu ndiyo haikuandikwa. Nadhani hii inaeleza kasi aliyofanyia kazi tangu hapo.

Januari 1924 palikuwa na mkutano mkubwa wa wanasaikolojia katika mji ambao mwishoni mwa mwezi huohuo ulibadilishwa jina kuwa Leningrad. Mwalimu kutoka Gomel, umri miaka 27, hana shahada ya saikolojia, akasimama kuwaambia mabingwa kwamba sayansi inayoeleza mate ya mbwa lakini ikaogopa kuigusa fahamu ya mtu bado haijaanza kazi. Alizungumza bila kusoma popote. Kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza, Alexander Luria, alivutiwa kiasi kwamba mwaka huohuo Vygotsky alikuwa ameshaitwa kwenye Taasisi ya Saikolojia ya Moscow. Alioa, na yeye na mkewe Roza wakaanza maisha katika chumba cha chini ya jengo la taasisi. Watoto wao walikuwa wawili, Gita na Asya, wote wasichana.

Kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ilihusu watoto viziwi, wasioona na wenye ulemavu mwingine. Mwaka 1925 alisafiri hadi London kwenye mkutano wa elimu ya viziwi, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake pekee nje ya nchi. Aliporudi kifua kilimlaza hospitali kwa miezi. Shahada ya juu alipewa bila kuitetea, maana alikuwa hawezi kusimama. Alipopata nafuu akarudi kazini, na sasa akalishika lile swali la maneno.

Wengi wetu tukiulizwa mtoto anajifunzaje neno tutajibu kwa urahisi: mama anaonyesha paka, anasema paka, mtoto anaunganisha. Vygotsky alisema hapo mtoto amepata ganda, kiini bado. Alieleza kisa kilichokuwa kimeandikwa na wataalamu waliomtangulia, cha mtoto aliyejifunza jina la bata kwa kumwona akielea bwawani. Mtoto yule akaliita maji kwa jina hilohilo. Kisha maziwa, kwa sababu nayo ni ya majimaji. Siku moja akaona sarafu yenye picha ya tai, naye tai ni ndege kama bata, basi sarafu ikaitwa bata. Mwisho kila kitu cha duara kinachofanana na sarafu kikawa bata. Ukimsikia siku ya mwisho utasema mtoto huyu hana akili. Ukiifuata njia aliyopita utaona kila hatua ina sababu. Kinachokosekana ni sababu moja inayowashika wote kwa pamoja.

Vygotsky alifananisha hali hii na jina la ukoo. Watu wa ukoo mmoja wanaitwa jina moja, lakini hakuna alama moja ambayo kila mmoja wao anayo. Huyu kaingia kwa kuzaliwa, yule kwa kuolewa, mwingine kwa kulelewa. Neno la mtoto mdogo ni ukoo wa vitu. Neno la mtu mzima, angalau akilitumia kwa makini, ni kanuni: chenye sifa hii kinaingia, kisicho nayo kinabaki nje.

Lakini visa vya nyumbani haviwezi kuthibitisha jambo. Mtoto anayesema paka amelikuta neno limeshatengenezwa na wazazi wake, huwezi kujua lipi ni lake na lipi kaazima. Hivyo yeye na mwenzake Lev Sakharov wakatumia maneno ambayo hayapo katika lugha yoyote waliyoijua. Walikuwa na vipande 22 vya mbao, vya rangi tano na maumbo sita, vingine virefu na vingine vifupi, vingine vipana na vingine vyembamba. Chini ya kila kipande, upande usioonekana, paliandikwa neno moja kati ya manne. Lag lilikuwa refu na pana. Bik lilikuwa fupi na pana. Mur lilikuwa refu na jembamba, na sev fupi na jembamba. Rangi na umbo havikuhusika kabisa, vilikuwepo kama mtego.

Mchezo ulikwenda hivi. Mtafiti anageuza kipande kimoja, anamwonyesha mtoto kwamba hiki ni bik, anamwomba atoe vingine vyote anavyodhani ni bik. Mtoto anachagua. Mtafiti anageuza kimojawapo alichokosea, mtoto anaona si bik, anajaribu tena. Kipande baada ya kipande, mpaka afumbue. Sakharov alifariki mwaka 1928 akiwa kijana, wenzake wakaendelea, na kwa jumla walipimwa watu zaidi ya 300, watoto, vijana na watu wazima.

Watoto wadogo sana walirundika tu: hiki na hiki na hiki, kwa sababu viko karibu au vimewapendeza. Waliozidi kidogo walifanya minyororo. Walianza na pembetatu ya njano, wakaongeza pembetatu nyingine, ya mwisho ikawa ya bluu, basi wakaanza kuchukua vya bluu, katika vya bluu wakakuta cha mviringo, wakahamia kwenye mviringo. Ni yule bata na sarafu tena, safari hii mezani.

Halafu kuna kundi ambalo, kwangu mimi, ndilo kiini cha kazi yake yote. Hawa walichagua sahihi. Ukiwaonyesha pembetatu ya njano wanatoa pembetatu zote, safi kabisa, kama mtu mzima aliyekwisha kupata wazo la pembetatu. Lakini ukichunguza walivyofika hapo, unakuta walikuwa wanafananisha kwa macho, kipande kwa kipande. Wazo lenyewe hawana. Vygotsky akaiita hali hiyo dhana bandia. Kwa nje ni dhana, kwa ndani bado ni ukoo.

Na hapa akasema jambo ambalo ningependa kila anayekwenda mazoezi ya kufundisha alibebe. Katika maisha ya kawaida watoto wamejaa dhana bandia, wala hatuzioni. Hatuzioni kwa sababu mtoto hajitungii maana yake peke yake porini. Sisi wakubwa tunamsahihisha kila siku kuhusu kipi kiitwe nini, hadi neno lake na neno letu vinaelekea kitu kilekile. Nikisema paka naye akisema paka, tunamtazama mnyama mmoja. Tunaelewana, na kwa kuwa tunaelewana tunadhani tunafikiri sawa. Kumbe njia za kufika kwa yule paka ni mbili tofauti. Lakini huku kuelewana kwa juu juu hakukuwa ulaghai machoni pa Vygotsky. Ndiyo ngazi yenyewe. Mtoto analitumia neno pamoja na wakubwa kabla hajalielewa, na katika kulitumia ndimo maana inamokua. Wazo kamili, linaloweza kusimama bila kushikiliwa na kitu mbele ya macho, yeye na wenzake waliliona likianza kukomaa kwenye ujana.

Mpwa wangu ana miaka minne. Mimi ananiita anko. Muuza maji naye ni anko, dereva wa bodaboda anko, na hakuna anayemsahihisha kwa sababu hata wakubwa mtaani wanaita hivyohivyo. Ukimsikiliza utasema neno analijua vizuri kuliko mtu yeyote. Sasa mwambie kwamba mimi ni anko kwa sababu mama yake ni dada yangu, utaona anavyocheka. Mama hawezi kuwa dada wa mtu, mama ni mama. Vygotsky na Piaget wote walilichunguza fumbo hili kwa neno kaka: mtoto mwenye kaka anaongea habari za kaka yake kutwa nzima, lakini muulize kaka wa kaka yake ni nani, anakwama. Wakati huohuo mwanafunzi anaweza kukueleza kanuni ya Archimedes aliyoisoma shuleni kwa ufasaha zaidi kuliko anavyoeleza kaka ni nini. Kaka kamjua kwa kuishi naye, kanuni kaijua kwa kuelezwa.

Kutokana na hilo Vygotsky alitofautisha maneno ya namna mbili. Kuna maneno ya maisha, yanayoanzia chini, kwenye kitu, yakapanda taratibu kuelekea maelezo. Na kuna maneno ya darasani, yanayoanzia juu, kwenye maelezo, yakashuka kuelekea kitu. Kila moja lina udhaifu wake. La maisha lina nyama lakini halina mifupa. La darasani lina mifupa, na hatari yake ni kubaki mifupa. Mafanikio ya shule ni pale yanapokutana njiani. Akaonya, akimkumbuka Tolstoy aliyewahi kufundisha watoto wa wakulima, kwamba mwalimu akijaribu kumpa mtoto dhana moja kwa moja kwa maelezo, atavuna maneno matupu: mtoto atatamka kama kasuku huku ndani hamna kitu. Mara nyingi kinachomshinda mtoto si kulitamka wala kulikumbuka neno. Ni lile wazo ambalo neno lilikuja kulibeba.

Alikuwa na jaribio jingine rahisi linalochekesha, ambalo unaweza kulifanya hata leo jioni. Watoto wadogo waliulizwa kama ng'ombe angeweza kuitwa wino, na wino uitwe ng'ombe. Wakakataa katakata: wino ni wa kuandikia na ng'ombe anatoa maziwa. Wakaambiwa basi tufanye mchezo, mbwa tumwite ng'ombe. Je, ana pembe? Wakajibu anazo, maana akiitwa ng'ombe lazima awe nazo japo ndogo. Kwa mtoto wa umri huo jina bado ni sehemu ya kitu chenyewe, kama mkia.

Hata ule ukanda wetu maarufu ulizaliwa katika mazingira haya. Vygotsky alitoa mfano wa watoto wawili ambao kwa kipimo cha akili wote wana uwezo wa umri wa miaka minane. Kipimo kinaishia hapo, wako sawa. Wasaidie kidogo, kwa swali la kuongoza au kwa kuanzishiwa hatua ya kwanza: mmoja anatatua maswali ya umri wa miaka 12, mwenzake anaishia 9. Je, bado wako sawa? Tofauti kati ya anachoweza peke yake na anachoweza kwa msaada ndiyo huo ukanda. Na msaada wenyewe, mara nyingi, ni maneno ambayo mtoto anayatumia na mwalimu kabla hajayamiliki.

Si kila kitu alichokigusa kimekaa sawa. Mwaka 1931 na 1932 Luria aliongoza misafara kwenda Uzbekistan, kazi waliyoipanga pamoja, ingawa Vygotsky hakusafiri kwa sababu ya afya. Wakulima wasiosoma walipewa msumeno, shoka, nyundo na gogo, wakaombwa watoe kisichohusika. Wengi walikataa kutoa gogo. Utafanya nini na msumeno usipokuwa na gogo? Watafiti waliliona hilo kama dalili ya fikra isiyofikia kiwango cha dhana. Mimi, niliyekulia kwa watu wanaoishi kwa jembe, naona wazee wale walikuwa wanajibu swali la maana zaidi kuliko walilolizwa. Kupanga vitu kwa kazi ni kupanga. Kosa la kuweka njia ya shule juu na njia ya shamba chini bado linatusumbua, na ni haki kusema kwamba Vygotsky naye alikuwa mtoto wa zama zake. Ajabu ni kwamba dawa ya kosa hilo imo ndani ya kazi yake mwenyewe: chunguza mtu alivyofika kwenye jibu kabla hujalipa alama.

Miaka ya 1930 mambo yakabadilika. Serikali ya Stalin ilianza kuwatazama wanasaikolojia kwa jicho baya, na Vygotsky akashambuliwa kwenye majarida kwa kuwasoma sana watu wa Magharibi, akiwemo Piaget. Alikuwa akifundisha Moscow, Leningrad na Kharkov, akipanda treni huku na huku na mapafu mabovu. Mwaka 1934 alikuwa anakusanya kazi yake ya maneno kuwa kitabu kimoja. Sura nyingine zilikuwepo tayari, nyingine ilibidi azitamke mtu mwingine akiandika. Sura ya mwisho ilitoka kwa njia hiyo. Mei akatapika damu kazini. Tarehe 11 Juni 1934 akafariki, akiwa na miaka 37, akazikwa makaburi ya Novodevichy, Moscow. Kitabu, Fikra na Usemi, kilichapishwa kabla mwaka huo haujaisha. Yeye hakukiona.

Na wasomaji wengi pia hawakukiona. Julai 1936 Chama cha Kikomunisti kilitoa amri ya kuipiga marufuku pedolojia, ile sayansi ya makuzi ya mtoto iliyohusishwa naye, na vitabu vyake vikaondolewa mikononi mwa watu kwa miaka 20. Kikachapishwa tena mwaka 1956, Stalin akiwa ameshakufa. Mwaka 1962 tafsiri ya Kiingereza ikatoka Marekani, iliyofupishwa, na ndipo dunia ikamjua. Piaget, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1896, alisoma wakati huo hoja ambazo Vygotsky alimwandikia yeye karibu miaka 30 nyuma. Akamjibu kwa heshima, akakubali baadhi na kukataa baadhi, akasikitika kwamba hawakuwahi kuzungumza. Piaget aliishi hadi 1980. Fikiria, wawili wenye umri sawa, mmoja akapata miaka 84, mwenzake 37.

Sasa turudi kwetu. Mtoto wa Kitanzania anasoma msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Mjadala wa lugha tunaujua wote na mara nyingi tunaishia kugombania lugha ipi. Vygotsky angeongeza swali moja. Alionyesha kwamba anayejifunza lugha ya pili haanzi maana upya, anaegemea maana alizojenga kwa lugha ya kwanza. Basi kama neno halikuwa na nyama kwa Kiswahili, tafsiri yake itaegemea wapi? Chukua usanisinuru. Mwanafunzi anakupa maana yake bila kukosa herufi: mwanga, maji, hewa ya kabonidayoksaidi, chakula. Unampa vema. Muulize mti mkubwa ule uzito wote umeutoa wapi, wengi watakujibu udongoni. Neno analo. Wazo hana. Kulibadilisha neno liwe la Kiingereza kunaongeza ganda la pili juu ya la kwanza, na kubaki na Kiswahili peke yake hakulijazi lililo tupu.

Na sisi je? Ukanda wa maendeleo ya karibu tunautaja kwenye semina kwa usahihi ambao mhadhiri anaukubali. Yeye anatikisa kichwa, sisi tunaandika, tunaelewana. Hivyo ndivyo hasa mtoto alivyokusanya pembetatu zake za njano. Sisemi tuone aibu, kwa sababu kwa hesabu ya Vygotsky hapo ni mahali halali pa kupitia. Tatizo ni kujenga kibanda pale kwenye ngazi na kuhamia humo na cheti.

Wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula huu mtakuta madarasa yenye watoto wengi na muda mchache. Hakuna atakayewaletea vipande 22 vya mbao. Lakini kumuuliza mtoto mmoja, baada ya jibu sahihi, atoe mfano wake mwenyewe ambao haumo kitabuni, au aseme kipi kinafanana na hicho lakini sicho, hakugharimu hata chaki. Mkaguzi akikaa nyuma anaweza kuona mnapoteza muda kwa mtoto aliyekwisha kupata. Endeleeni naye. Huyo ndiye ambaye hakuna aliyewahi kumwangalia, kwa sababu siku zote amekuwa akipata.